Gia Tano Aachiwa Banda

Kwa miaka ishirini na saba aliendesha lori la mizigo, na wenzake walimbatiza Gia Tano kwa sababu polepole hakuijua. Macho yalipoanza kumwonyesha taa mbili mahali penye moja, daktari akamwandikia cheti, naye akarudi nyumbani kupumzika. Kupumzika kwenyewe kukamshinda. Akikaa kitini, goti linacheza. Akijilaza mchana, anainuka kwenda kuangalia kama geti limefungwa, na halijapata kuachwa wazi hata siku moja.

"Baba watoto, unanizunguka kama nzi," mkewe, fundi cherehani, akamwambia. "Tafuta la kufanya."

Akaenda sokoni, akarudi na maboksi yanayolia: vifaranga hamsini wa nyama.

"Utawaweka wapi?"

"Si banda lako lipo?"

Mle bandani mlikuwa na kuku thelathini wa mayai, na mke aliwatunza kama anavyoitunza cherehani yake. Wakavutana wiki nzima. Vifaranga wakakulia stoo kwenye joto la taa, na walipoota manyoya mke akakubali shingo upande, kwa sharti: wavu katikati, kila upande na chakula chake.

Mara binti yao akajifungua, mbali, na bibi akaitwa kwenda kumlea mzazi kwa siku ishirini. Kabla ya kuondoka alimshika mumewe mkono, akampeleka penye magunia mawili.

"Hili la mayai, hili la nyama. Asubuhi na jioni. Usichanganye."

"Mke wangu, nimeendesha tani thelathini mlimani. Kuku watanishinda?"

Siku ya tatu aliuondoa wavu. Kupita milango miwili kulimchelewesha, ingawa hakuwa na pa kuwahi. Akaukata vipande, akazibia mtaro. Gunia la mayai lilipokwisha hakuhangaika kununua jingine. Wote akawamiminia la nyama. Na hakungoja jioni. Kila miguu ilipomwasha alichota bakuli, akaenda kumwaga. Mara kumi kwa siku. Kuku wa mayai wakanona, wakawa wanatembea kama watu waliotoka karamuni. Mayai yakashuka kutoka ishirini na sita hadi kumi na nane, kisha tisa.

"Mayai vipi?" mke akauliza kwenye simu.

"Yapo."

"Mangapi?"

"Mjukuu ananyonya vizuri?"

Asubuhi moja akamkuta kuku mmoja wa mayai amekufa kiotani. Alimtia kwenye mfuko, akaenda mbio kwa mama muuza vyakula vya mifugo, aliyewahi kuwa bwana mifugo, au bibi mifugo, kama alivyopenda kusahihisha. Yule mama akampasua kuku nyuma ya duka. Tumbo zima mafuta ya manjano. Ini lilivunjika vidoleni kama mkate laini.

"Unamlisha nini huyu?"

"Cha nyama. Wanakula pamoja."

"Umemnenepesha mpaka kufa. Chakula hicho ni cha kuku wa kuchinjwa."

"Basi wote niwape cha mayai."

"Uue na hao wengine? Kile kina chokaa nyingi, ya kutengeneza ganda. Kuku wa nyama hatagi, ataipeleka wapi? Itamharibia figo. Kama huwezi kuwatenga, wape wote cha kukuzia, kile cha kuku wanaokua, na chokaa iweke kando kwenye kopo. Anayeihitaji ataifuata mwenyewe. Asubuhi na jioni tu, kaka."

"Na katikati nifanye nini?"

"Kaa."

Hilo ndilo lilikuwa gumu. Aligeuza ndoo, akaketi mlangoni mwa banda, mikono kaibana katikati ya mapaja isije ikachota. Kuku mmoja wa mayai alisogea penye kopo, akadonoa chokaa mara tatu, akafuta mdomo kwenye maranda, akaenda zake. Wale wa nyama walichungulia, wakapuuza. Gia Tano alishangaa. Akainuka, akazunguka nyumba mara mbili, akarudi kuketi.

Siku mke aliporudi, Gia Tano alimpokea getini, na kabla hajatua begi akamwambia yote. Mke alitua begi. Aliingia bandani, akamwinua kuku mmoja mmoja, akimpapasa tumbo. Alipotoka, uso ulikuwa mkavu.

"Kuku nimekusamehe. Lile 'yapo' la kwenye simu, bado."

Alinuna siku tatu, akisema naye mambo ya maji ya kuku tu. Siku hizo Gia Tano alijenga banda la pili upande wa pili wa ua, akahamisha wa kwake. Wangekuja kuchelewa kufikia uzito wa kuuzwa kwa wiki mbili. Mayai nayo yangepanda taratibu, yafike ishirini na moja, yagome hapo.

Siku ya nne mke alikata uzi wa mwisho kwenye cherehani, akamkabidhi kifurushi cha nguo za mtoto.

"Mpelekee mjukuu wako. Kuku nabaki nao mimi, wote."

Basi la kesho yake lilikuwa la saa mbili asubuhi. Saa kumi na moja alfajiri Gia Tano alikuwa kituoni, kifurushi kwapani, akitembea huku na huko mbele ya dirisha la tiketi lililofungwa.