Safu ya Tatu

Mimi huhesabu kila kitu mara mbili. Ukiuza spika za mtumba Kitale bila kuhesabu nyaya mara mbili, mteja atakurudia na spika bubu. Kwa hivyo mjomba aliponikabidhi karatasi za muziki wa kinanda, kwanza nilihesabu kurasa. Tisa. Nikarudia. Tisa.

Mjomba, ndugu ya mama, anaishi Bungoma. Ujanani alipiga kinanda cha mabomba katika kanisa kubwa Nairobi. Uzeeni ugonjwa wa sukari ukamchukua mguu wa kushoto, juu ya goti, na tangu hapo hajapiga. Alisikia kwamba natengenezea kwaya muziki kwa kompyuta, akaniita.

"Nataka kuusikia huu, mzima, kabla masikio hayajafuata mguu. Moja limeshaanza kuaga."

"Kurasa tisa ni nyingi, mjomba. Tufanye tano?"

"Hii si mitumba ya kupunguziana, bana. Mzima."

Kwa wiki sita, kila asubuhi kabla ya kufungua duka, niliingiza nota moja moja. Kila nota ni kijisanduku kwenye skrini: unakiweka mahali pake, unakivuta kiwe kirefu, unaenda kwa kingine. Nilihesabu za karatasi, nikahesabu za skrini, mpaka zikalingana. Sauti yenyewe ilikuwa ya kinanda cha kweli, iliyorekodiwa bomba kwa bomba.

Karatasi zilikuwa na safu tatu za nota, moja chini ya nyingine. Vinanda vyote nilivyowahi kuuza vinapigwa kwa mikono. Mikono nilihesabu: miwili. Safu ya tatu nikadhani ni ya mtu wa kuimba besi, nikaiacha.

Jumapili baada ya ibada nikafika kwake na spika mbili. Mjomba aliinamisha kichwa upande wa sikio zima. Kwenye ukurasa wa pili akainua mkono.

"Simamisha. Safu ya chini iko wapi?"

"Mjomba, mtu ana mikono miwili."

"Na miguu?"

Nikaivuta karatasi karibu.

"Kinanda hicho kina vibao vya kukanyaga, sakafuni. Safu ya chini ni ya miguu. Hizi alama zangu za penseli, juu ya nota ni mguu wa kulia, chini ni wa kushoto. Ati unahesabu mara mbili. Ungehesabu mara moja tu, lakini mtu mzima."

Zile alama nilikuwa nimezidhania uchafu. Nikarudi Kitale, wiki mbili zaidi.

Jumapili niliyorudi, safu ya tatu ilipoingia, vikombe vililia kabatini. Sauti haikuja kutoka kwenye spika. Ilipanda kutoka kwenye saruji, ikapita nyayo zangu, ikafika kifuani na kukaa. Ule muziki wa mikono, niliokuwa nimeusikia mara mia ukielea, sasa ulikuwa umesimama juu ya kitu. Nimeuza spika miaka mingi. Sikujua zinaweza kubeba jengo.

Mjomba alivua ndara. Mguu wa kulia ukaanza kutafuta vibao kwenye saruji: kidole, kisigino, kidole. Upande wa kushoto suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini. Ikasogea. Nikadhani ni upepo, nikatazama dirisha: limefungwa. Nikachukua karatasi, nikafuata alama za chini ya nota. Kila penye alama, suruali ilisogea. Ukurasa mzima haikukosa hata moja.

Muziki ulipoisha macho yake yalikuwa bado yamefumbwa.

"Rudia," akasema.

Nikaweka karatasi chini, nikaurudisha mwanzo.