Bibi Alipokosea Kutabiri Mtoto

Nilipokuwa mtoto kijijini kwetu juu ya Karatu, upande wa msitu wa Ngorongoro, hakuna mama aliyejifungua kabla bibi yangu hajaitolea mimba yake hukumu. Bibi, mama yake baba, alimtazama mjamzito akivuka kizingiti. Akitanguliza mguu wa kulia, wa kiume. Wa kushoto, wa kike. Alipatia mara nyingi, na alipokosa watu walisahau upesi. Shuleni nilijidai kwa ajili yake.

Mama alipopata mimba ya nne, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, tulikuwa wasichana watatu, mimi, Paskalina, wa kwanza. Bibi alimwona akiingia na debe la maji kichwani, akatangaza: wa kiume. Baba aliamini kabisa. Akasema mtoto atapewa jina la marehemu babu, na kila aliyepita njiani aliambiwa.

Akazaliwa msichana.

Baba alichukua jembe akaenda shambani, na siku zilizofuata aliondoka kabla hatujaamka. Mama naye aligeukia ukutani. Mtoto alinyonya kidogo, akaachia, akalia. Wanawake walioleta uji walimwambia mama amshukuru Mungu, wengine hawana hata huyo. Ni kweli, lakini mama alizidi kunyamaza. Kwetu iliaminika kwamba kichanga husikia kila kitu, na asiyepokelewa hurudi alikotoka. Niliogopa sana. Nilikaa karibu na mdogo wangu nikisikiliza anavyopumua.

Bibi akanishika mkono tukaenda shambani. Nilitegemea angemgombeza baba, maana ulimi wake haukuwa na breki. Badala yake aliketi kwenye tuta, akamwambia baba naye aketi.

"Mwanangu, mtoto hakukuahidi kitu," alisema. "Mimi ndiye niliyekuahidi, nikakosea. Hasira zako nipe mimi. Lia hapa. Ukimaliza, nawa uso uende kwa mke wako."

Baba alilia. Sikuwahi kumwona mwanamume akilia, wala sikujua kwamba bibi yangu anaweza kukaa muda wote ule bila kusema neno.

Nyumbani baba alisimama kando ya kitanda.

"Pole, Mama Paskalina," alisema.

Mama hakugeuka. "Na mimi nilimtaka wa kiume," alisema. "Hakuna aliyeniuliza."

Baba akaketi, akampakata mtoto. Wakalia wote wawili, na Bibi akatutoa nje. Jioni mtoto alinyonya mpaka akalala.

Jina la babu alipewa msichana huyo huyo. Kilabuni wapo waliompa baba pole, akawajibu, "Pole ya nini? Nipeni hongera yangu." Jibu hilo najivunia hadi leo. Bibi hakuacha kutabiri, angeachaje? Ila aliongeza kila mara kwamba aliwahi kukosea, na kosa lake ni yule pale anayekimbizana na ndama.

Sasa mimi ni mtu mzima. Nikienda kumtazama mzazi, sianzi na kumwambia ashukuru. Namwuliza kama ana huzuni, na mumewe namwuliza pia. Kama kichanga husikia, sijui. Najua kwamba mdogo wangu alipokelewa kwa machozi, na amekua bila kutilia shaka hata siku moja kwamba alitakiwa.