Khitma ya Mama na Ndugu Yangu wa Pipeline

Nilikwenda Nairobi kumrudisha ndugu yangu nyumbani. Mama yetu, aliyetufundisha Qurani sote wawili nyumbani kwetu Malindi, alifariki baada ya Ramadhani, na kabla ya kufa aliniusia tumsomee khitma ya arobaini, Qurani nzima siku ya arobaini ya kifo chake. Nilipompigia simu Athumani kumwambia siku, alinijibu kwamba khitma ni bidaa, jambo ambalo watu wamelizua katika dini, na kwamba hatakuja. Yeye ndiye mwanamume pekee aliyezaliwa na mama. Nikafunga mkoba.

Jumatano asubuhi nilipanda basi hadi Mombasa, na kutoka hapo nikachukua treni. Sikutulia njia nzima. Tulipopita Tsavo abiria walisimama madirishani kutafuta ndovu. Mimi nilikuwa nikipanga maneno, haya nitayasema kwa upole, haya kwa ukali, kisha nayapangua. Mama mmoja aliyekaa mkabala nami aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, naenda kugombana. Alicheka, akidhani ni mzaha.

Kwenye stesheni ya Nairobi Athumani alikuwa akinisubiri, ndevu zimejaa, kanzu imeishia juu ya vifundo vya miguu. Alikuwa ameomba ruhusa kwenye ghala analofanyia kazi kule Industrial Area. Alinibusu mkono kama alivyofanya tangu utotoni.

"Umekonda, dada."

"Na wewe hukuja matangani ukakaa," nikamwambia. "Ulizika ukaondoka."

Akauchukua mkoba wangu.

Pipeline, anakoishi, nyumba za ghorofa zimesongamana hata mtu akifungua dirisha anaona sufuria ya jirani wa jengo la pili ikichemka. Jua halifiki chini. Kwenye ngazi tulikutana na mwanamume aliyebeba mtungi wa gesi begani. "Niaje, ustadh," akamsalimu Athumani. "Huyu ni mathe?"

"Ni dada yangu mkubwa."

"Ah, samahani. Karibu mtaani, siz."

Chini ya jengo hilo, kati ya bucha na duka la simu, upo msikiti wao: ukumbi mmoja uliotandikwa mazulia. Athumani ndiye imamu, na jioni husomesha watu wanaotoka viwandani, wengi wao waliosilimu ukubwani. Haya yote nilikuwa sijui. Nilijua tu kwamba alikuwa amebadilika.

Jioni hiyo, mke wake Mariamu alipokwisha kuondoa vyombo, nilianza.

"Athumani, mama aliusia."

"Wasia wa jambo lisilokuwa katika dini haufuatwi, dada. Mtume alifiwa na watoto, alifiwa na mke. Alimsomea nani arobaini?"

"Mama alizisoma khitma za watu maisha yake yote. Leo yeye asisomewe? Kwani mama alikuwa mzushi?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema."

Alisimama, akaenda dirishani, akarudi. Mariamu alikuwa mlangoni na kitambaa mkononi, hajui aingie au atoke. Usiku huo usingizi ulinijia kidogo tu. Kila nilipofumba macho nilisikia maji yakimwagwa, viti vikiburutwa juu ya kichwa changu, na maneno niliyosahau kumwambia.

Alhamisi Athumani alishinda kazini, nami nilishinda nikipanda na kushuka ngazi kama mtu aliyepoteza kitu. Nilikuwa nikienda hadi barabarani, natazama mikokoteni ya madumu ya maji, narudi juu.

Ijumaa niliteremka na Mariamu kuswali. Wanawake tulikaa nyuma ya pazia. Athumani alipanda mimbari, akahubiri juu ya uzushi. Hakunitaja. Lakini alisema wapo watu wanaoacha faradhi wakang'ang'ania karamu za maiti, wanapika pilau juu ya msiba na kuiita ibada. Sauti yake ilikuwa ile ile ya mama, ya kutamka kila herufi mpaka mwisho. Uso uliniwaka. Niliinuka katikati ya hotuba, nikawaruka wanawake wa watu, nikatoka. Swala ya Ijumaa sikuiswali pale.

Mariamu alinikuta chumbani nikikunja nguo. Ni mzaliwa wa upande wa Bungoma, mpole, na mpaka wakati huo tulikuwa hatujazungumza zaidi ya salamu.

"Wifi, naomba nikwambie kitu," alisema. "Mimi sijasoma, siwezi kujibizana nawe. Lakini baba yangu alipokufa tulilisha watu wiki nzima. Ng'ombe waliuzwa, shamba likakodishwa. Mimi ndiye niliyetolewa shule. Ndiyo nikaja huku kutafuta kazi kiwandani."

"Hiyo ni mila yenu," nikasema. "Haihusu khitma."

"Labda. Lakini hapa kuna jirani alifiwa na mumewe, Mwislamu. Nikangojea kuona atawapikia watu nini. Hakuwasha jiko. Wanawake wa msikitini walimletea chakula wao, wakamwogeshea watoto, wakaenda zao. Nikauliza ni dini gani hii. Ndiyo nikaingia."

Niliendelea kukunja nguo. Nilikumbuka msiba wetu, mimi na macho yaliyovimba nikipepeta mchele wa watu mia, na sikuwa nimepata hata nafasi ya kulia.

Jumamosi Athumani alinisindikiza stesheni, na treni ilipokaribia kuondoka akasema, "Nitakuja. Si siku hiyo, lakini nitakuja."

"Ukija baada ya siku hiyo umekuja kufanya nini?"

"Kumwona dada yangu," akasema.

Malindi khitma ilisomwa kama mama alivyousia. Nilibadilisha jambo moja: sikuwasha jiko. Niliwaambia majirani anayeweza alete sahani yake, na asiyeweza asome aende. Shangazi alinuna, akasema Nairobi imeniharibu. Chakula kilikuwa kichache na usomaji ukawa mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu mama azikwe nililia mpaka nikatosheka. Nilikuwa nimekwenda Nairobi nikiamini mmoja wetu lazima awe mpotofu. Siamini hivyo tena, ingawa bado hatukubaliani, na sidhani tutakubaliana.

Wiki iliyofuata Athumani alifika. Alikwenda kwanza makaburini peke yake kumwombea mama, ndipo akaja nyumbani. Baada ya alasiri niliketi kwenye mkeka wa mama kumsomea sura ya Yasini kwa moyo, bila msahafu, kama ninavyofanya kila Alhamisi sasa. Sikumwita. Alikuwa amekaa kizingitini, amenipa mgongo, anatazama simu yake. Nilifika mahali ulimi ukakwama. Nikarudia aya, ukakwama tena.

Bila kugeuka, akanitamkia neno lililonipotea. Nikalichukua, nikaendelea.