Uzi wa Buluu kwenye Nyanya ya Mbegu

Mpaka leo nikigusa jani la mnyanya, ile harufu kali inayoganda vidoleni hunirudisha Nyamasaria, kwenye bustani ya Dani, mama yake baba. Kuna watu wanaipenda harufu hiyo. Mimi inaniaibisha.

Shangazi yangu Akinyi aliolewa Kericho, kwenye baridi. Nyanya zetu ndefu za huku kwenye joto zilimshinda kule; zilichelewa kuiva, ukungu ukazikuta bado kijani, zikaoza. Basi Dani akaamua kumtafutia mbegu. Misimu mitatu alichagua miche mifupi tu, ile inayowahi kuiva, na tunda la kwanza akalifunga uzi wa buluu aliofumua kwenye sweta yangu kuukuu ya shule. Lenye uzi haliguswi. Majirani walimtania, "Mama, mchagua jembe si mkulima!" Naye akawajibu, "Majembe chukueni nyinyi. Mimi nachagua mbegu."

Msimu wa tatu mafuriko yalituachia shina moja tu la aina ile, halifiki hata gotini kwangu, lina tunda moja. Shangazi alikuwa amekuja kuchukua mbegu. Mguu wa Dani ulikuwa umevimba, akanituma mimi.

"Nenda unichumie ile ya uzi, nyakwara, mjukuu wangu. Pole pole."

Jamani, nilikuwa msichana wa miaka tisa, na mfukoni nilikuwa na chumvi, maana siku hizo hatukutoka nyumbani bila chumvi ya kulia maembe mabichi. Nyanya ilikuwa na joto la jua. Niliila yote, maji yakanichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nyanya si ni nyanya? Nikachuma nyingine ya ukubwa ule ule kwenye mnyanya mrefu kando ya ua, nikaifunga uzi, nikampelekea. Dani aliipokea kwa mikono miwili. Alizikamua mbegu, akazichanganya na jivu, akazianika, na baada ya siku chache Shangazi akaondoka nazo kwenye kipande cha gazeti.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika Kericho ikarudi.

Mwaka uliofuata Shangazi alikuja, akakaa, akasema taratibu, "Mama, ile mbegu imerefuka mpaka hapa kifuani, majani matupu. Baridi imezipata nyanya zote kijani."

Dani akasema, "Basi ni macho yangu, Akinyi. Yamezeeka, sijui tena kuchagua. Nisamehe."

Mama mzima akimwomba mwanawe msamaha! Mimi nilikuwa nimesimama pale na birika la chai. Mdomo nikaufungua, na maneno yaliyotoka ni haya: "Dani, nikuongezee sukari?"

Nilidhani nimekula nyanya moja. Nilikuwa mtu mzima, nina shamba langu, nilipoelewa kwamba nilikula misimu mitatu ya kuinama kwake, na imani aliyokuwa nayo kwa macho yake. Hakufunga uzi tena kwenye tunda lolote mpaka anakufa. Mbegu akawa ananituma mimi hadi Kondele, nikanunue za pakiti dukani, na kila nilipomwuliza ya aina gani, alijibu vile vile: "Chagua wewe. Wewe ndiye mwenye macho."

Nami nilikwenda, nikachagua.