Jaketi la Mama wa Mkimbiaji

Juzi, huku Ulaya, katika metro, treni ya mjini, ya kwenda Koekelberg, joto likitutoa jasho sote, mama mmoja wa Bujumbura alikaa mbele yangu amevaa jaketi zito la michezo. Mgongoni lina jina la chuo kidogo cha Marekani, ambako mwanawe amepata nafasi kwa ajili ya mbio. Shoga yake alikuwa akiupapasa mkono wa jaketi kama anayechagua kitenge.

"Bon, na kusoma, anasomaka?"

"Anasoma filozofia. Kule banafunzi ni kidogo, maman. Akikimbia, professeur mwenyewe anakuya kumupigia makofi."

Shoga akabetua midomo. "Wangu anasoma droit, ile sheria, hapa hapa, anapita vizuri kila mwaka. Professeur hajue hata jina yake."

Kisha akaifunga zipu ya mwenzake, taratibu, mpaka kidevuni.

"Alors, hii jaketi, banapeanaka na kwa mama ya ule anasoma tu?"

Nilijizuia nisicheke. Nyumbani nikamkuta binti yangu ameinamia vitabu, kama kawaida yake. Nikamwambia avae raba akakimbie kuzunguka basilika, kanisa kubwa la mtaani kwetu.

"Kwa nini?"

"Nasikia baridi," nikamjibu.