Fundi wa Ghorofa ya Chini

Fundi vyuma wa mtaa wa Mullae, Seoul, hakati chuma kabla ya kukisikiliza. Hukigonga kwa kifundo cha kidole, huinama kama anayenong'onezewa, na akisikia ufa hukitupa, hata mteja akinuna. Garam, mchongaji aliyepanga ghorofa ya juu, alipenda kumtazama. Siku mwenye nyumba alipomleta mtu aliyetaka kuigeuza karakana ya fundi kuwa mkahawa, waipime, fundi aliendelea kugonga vyuma vyake. Garam akashuka mbio.

"Fundi akihamishwa, wasanii wote wa juu tunahama naye!"

Mwenye nyumba, ambaye huwavutia wapangaji kwa sifa za wasanii hao, akakunja futi yake. "Haya, abaki."

Fundi akamtazama Garam miguuni. "We binti, nani kakuruhusu kuingia humu na ndala? Vaa viatu, ndipo unitetee!" Akageukia ukuta, mabega yakimtikisika kwa kicheko.