Mdudu wa Chumba Namba Nne

Batuli binti Mtoro alikuwa amefanya usafi chumba namba nne kwa miaka kumi na moja kabla ya asubuhi ile alipoitwa kuua mdudu. Mzaliwa wa Fukayosi, shule aliishia darasa la saba, akaja Bagamoyo mjini kwa shangazi yake na kupata kazi kwenye nyumba ya wageni ya Mzee Ausi. Kiingereza chake alikiokota kwa wageni, neno leo, neno kesho, akayaandika yote kwenye daftari.

Mgeni wa namba nne safari hii alikuwa Efua, mtafiti kutoka Ghana. Wanawake wanaolima mwani Mlingotini walikuja kwake mmoja mmoja, mkalimani wao akiwa Samia, kumweleza jinsi msimamizi wa kampuni inayonunua mwani alivyozoea kuwashikashika na kuwatisha. Siku ya tatu Efua alitoka barazani hana raha.

"There is a bug in my room," akamwambia Batuli.

Neno bug Batuli alilijua: mdudu. Akaja mbio na dawa ya kunguni, akainua godoro, akaanza kupuliza. Efua akamshika mkono, akagusa sikio lake mwenyewe na kutikisa kichwa. Samia akamvuta Batuli uani.

"Dada Batuli, bug si mdudu tu. Ni kinasa sauti cha kificho. Jana msimamizi kamwendea Mwanajuma, mmoja wa wale wanawake wa mwani, kamrudishia neno kwa neno aliyoyasema humu ndani."

Batuli alijisikia vibaya. Ni yeye mwenyewe aliyemfungulia Mwanajuma mlango, akamwambia karibu, kaa ujisikie nyumbani.

Alirudi chumbani, akavua kandambili, akachukua kitambaa na kuanza kufuta vumbi kama siku zote: meza, dirisha, ubao wa kitanda. Alipopenyeza mkono nyuma ya kabati, ukagota. Kwenye soketi ambayo haitumiwi na mtu palikuwa na adapta nyeupe.

"Hii si ya kwetu," akasema. Hakuigusa tena.

Mzee Ausi alipoitwa, alijishika kiuno.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ichomoe uitupe, mwanangu. Polisi wakijaa hapa, nani atalala tena kwangu?"

Batuli hakuwahi kumpinga mzee huyu hata mara moja. "Mzee wangu, nakuheshimu kama baba. Lakini hawa wanawake wametoa siri zao humu, na mlango nimewafungulia mimi. Nikitupa hiki, nitawatazamaje?"

Mzee Ausi alikaa kitandani. Kisha akasema polepole, "Kuna fundi alikuja wiki iliyopita. Alisema katumwa kukagua umeme. Nikampa funguo kwa mkono wangu." Akainuka, wakaenda kituoni pamoja.

Ndani ya adapta polisi walikuta kinasa sauti. Fundi alikamatwa, akamtaja msimamizi. Katika wiki za kungoja kesi, Efua alimfundisha Batuli maneno mengine ya aina ile. Tap, aliyoijua kuwa bomba, kumbe pia ni kuingilia simu ya mtu. Wire ni waya, na pia kinasa sauti anachovaa mtu ndani ya nguo. Tail, mkia, ni mtu anayekufuata kila uendako. Lililomfurahisha zaidi ni eavesdrop, kudukiza, yaani kusikiliza ya watu kwa siri, neno lililotokana na upenu wa nyumba.

"Kumbe Waingereza nao walikuwa wakisimama upenuni kusikiliza ya watu!" akacheka mpaka machozi.

Mahakamani wakili wa msimamizi alimtazama juu hadi chini. "Wewe una utaalamu gani wa vifaa vya kusikiliza?"

"Sina, mheshimiwa," Batuli akajibu. "Nina utaalamu wa chumba namba nne."

Watu wakacheka, hakimu akaandika. Aliyefuata ni Mwanajuma. Awali alikuwa ameomba jina lake lisitajwe popote. Sasa alisimama, akalitaja jina lake na la baba yake kwa sauti, akaeleza yote bila kusita, na wenzake watano wakafuata. Msimamizi alitiwa hatiani, na kampuni ikamweka mwanamke wa Mlingotini kupokea mwani.

Siku ya hukumu Batuli hakuwepo. Kulikuwa na wageni wanane na mashuka ya kufua, na habari alizipata kwa simu ya Samia, mikono imejaa povu. Alisema alhamdulillahi, akaendelea kusuuza.